Linamarini

Linamarini ni kemikali ya muhogo inayoundwa kutokana na asidi amino iitwayo valini. Fomula yake ni C10H17NO6, nayo huyeyuka katika maji. Kwa mmea ni kinga dhidi ya wadudu na wanyama. Sianidi iliyomo imefungwa na glukosi, hivyo hubaki imetulia hadi seli zipondwe. Hapo kimeng'enya cha linamarase huikata, na mwishowe hutoka asetoni na sianidi hidrojeni, gesi yenye sumu kali inayochemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi.

Mkoani Mtwara muhogo mchungu ni jambo la kuangaliwa sana. Makopa huanikwa yakiwa vipande vikubwa. Seli nyingi hazivunjiki, na sumu hubaki kwenye unga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huo ulikumbwa na konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu usiopona, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake.

Kuloweka mizizi kwa siku kadhaa ndiyo njia bora ya kuondoa sumu hiyo, palipo na maji. Vinginevyo unga hulowanishwa, ukatandazwa kwa tabaka jembamba juani kwa saa 2, au kivulini kwa saa 5, kisha ukasongwa ugali siku hiyohiyo. Kiwango salama kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga.

Mwili hugeuza sianidi kuwa thiosianati kwa kutumia salfa ya asidi amino, hasa methionini na sisteini. Kwa hiyo anayekula ugali wa muhogo bila samaki, mayai au kitoweo kingine cha protini ndiye aliye hatarini zaidi.