Mkulima wa Kale wa Uyoga

  Leo tuzungumze habari za uyoga, tukianza na swali ambalo wengi mmejiuliza: mbona ule uyoga mtamu wa kichuguu haukubali kuoteshwa bustanini?

Jibu lake ni la zamani sana. Kabla ya mtu kulima uyoga, mchwa alikuwa tayari mkulima wake. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wataalamu walikuta bustani za mchwa zilizogeuka mawe, zenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2016. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, na kwa mavi yake hujenga bustani ndani ya kichuguu. Humo huotesha kuvu, akala. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo huchomoza nje, nasi tunachuma.

Bibi zetu waliujua uyoga huu na kuupa majina kabla ya mtaalamu yeyote. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim aliuweka katika kundi lake, akaliita Termitomyces, yaani uyoga wa mchwa. Mwaka 1980 ukaandikwa ule mkubwa wa Zambia, ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa meta moja. Jina lilikuwa jipya, chakula kilikuwa cha zamani.

Basi, uyoga tunaokula tunaweza kuupanga mafungu matatu, kwa jinsi unavyojilisha. Fungu la kwanza hulishwa na mchwa. La pili hushirikiana na mizizi ya miti hai, kama ule wa manjano wa porini kwenye miombo. Ukivunja kichuguu umeharibu shamba la kwanza. Ukifyeka miombo umeharibu la pili. Fungu la tatu hula vitu vinavyooza: magogo, mabua, makapi. Hili la tatu ndilo linalomfaa mkulima.

Chukueni mfano wa mkonge. Uliletwa Tanzania Bara mwaka 1893. Katika kila kilo 100 za majani yake, nyuzi hazizidi kilo 5 hivi. Yaliyobaki yalitupwa lundo kwa lundo. Lakini juu ya malundo hayo uliota uyoga, na watu wakauchuma. Wataalamu wakaufuata. Mwaka 2008 ikachapishwa taarifa kwamba aina tatu za uyoga wa porini wa Tanzania zililimwa kwenye makapi ya mkonge yaliyovundikwa. Taka ikawa shamba!

Sasa, ndugu zangu, tahadhari. Porini uyoga wa kuliwa na wa kuua hufanana. Wako wanaosema ulioliwa na wadudu ni salama. Si kweli hata kidogo. Ipo sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, na maumivu yake huweza kuanza saa 6 au 12 baada ya kula, mtu akidhani yu salama. Usioujua, uache. Aliyekula akaugua, mpelekeni hospitali upesi, pamoja na kipande cha uyoga wenyewe.

Anayetaka kulima, amwone bwana shamba au bibi shamba kuhusu mbegu safi. Na vichuguu vile vinavyotoa uyoga, mwachieni mchwa aendelee na kazi yake.