Mabadiliko ya Vigezo vya Ulemavu Hayamfutii Askari wa Zamani wa Marekani Fidia Yake

Askari wa zamani wa Marekani aliyekwisha kupewa kiwango cha ulemavu hapunguziwi kiwango hicho kwa sababu tu vigezo vimebadilishwa. Sheria ya nchi hiyo inaelekeza kuwa ni lazima kwanza ithibitike kwamba hali yake imepata nafuu. Jambo hilo linazihusu pia familia za Afrika Mashariki zenye ndugu waliotumikia jeshi hilo, kwa kuwa fidia hulipwa hata kwa anayeishi nje ya Marekani.

Namna kiwango kinavyopatikana

Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani hutumia jedwali la viwango lenye msingi wake katika jedwali la mwaka 1945. Kila jeraha au ugonjwa uliotokana na utumishi hupewa asilimia kuanzia 0 hadi 100, kwa hatua za kumi kumi, kwa kuzingatia wastani wa upungufu wa uwezo wa kujipatia kipato.

Asilimia hizo hazijumlishwi moja kwa moja. Mwenye ulemavu wa asilimia 50 na mwingine wa asilimia 30 hapati 80. Asilimia 30 hukokotolewa kutoka nusu iliyobaki, na kufanya jumla kuwa 65, ambayo hukadiriwa kuwa 70. Kuanzia asilimia 30, malipo huongezwa kwa ajili ya mwenzi wa ndoa na watoto wanaomtegemea mhusika.

Kinachobadilika

Jedwali limekuwa likihuishwa sehemu kwa sehemu ili kwenda na maendeleo ya tiba. Vigezo vipya vya mifupa na misuli vilianza kutumika Februari 7, 2021, na vya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula Mei 19, 2024.

Mapendekezo ya Februari 2022 yanaonesha kuwa mabadiliko yanaweza kuongeza au kupunguza. Vigezo vilivyokuwapo vilimpa asilimia 50 mtu anayekatika pumzi usingizini na kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Pendekezo lilitaka kiwango kitegemee matokeo ya tiba, hivyo ambaye mashine imemwondolea dalili zote angepata 0. Kwa upande wa maradhi ya akili, pendekezo liliweka kiwango cha chini kuwa asilimia 10.

Hata hivyo, pendekezo si kanuni. Malipo hayaguswi mpaka itolewe kanuni ya mwisho yenye tarehe ya kuanza kutumika.

Nani analindwa

Anayeathirika zaidi na vigezo vipya ni yule ambaye hajawasilisha dai, kwa kuwa atakayewasilisha baada ya tarehe hiyo hupimwa kwa vigezo vipya. Dai lililokuwa likishughulikiwa wakati wa mabadiliko huangaliwa kwa vigezo vyote viwili, na vipya havitumiki kwa kipindi cha kabla ya kuanza kwake.

Kiwango kilichodumu miaka 20 mfululizo hakiwezi kushushwa, isipokuwa kilipatikana kwa udanganyifu. Kilichodumu miaka mitano au zaidi kinahitaji ushahidi wa nafuu ya kudumu, si matokeo ya uchunguzi wa siku moja.

Hatua za kuchukua

Anayekusudia kudai anaweza kuwasilisha taarifa ya nia, ambayo humhifadhia tarehe kwa mwaka mmoja wakati akikusanya vyeti vya hospitali na kumbukumbu za utumishi.

Iwapo Idara inakusudia kupunguza malipo, ni lazima imjulishe mhusika kwa maandishi. Anazo siku 60 za kuwasilisha ushahidi, na siku 30 za kuomba asikilizwe ana kwa ana. Asiyeridhika na uamuzi ana mwaka mmoja wa kuomba mapitio au kukata rufaa.

Sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la awali. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya askari wa zamani hutoa msaada huo bila malipo.