Mama, Kanga!

Mwanamke aliyepakiwa pikipiki akakaa upande, kama wengi wanavyokaa wakiwa na gauni au kanga, hauoni upindo wa nguo yake unapoanza kuteleza kuelekea kwenye spoku. Dereva naye haoni. Macho yake yako mbele, na kioo cha pembeni, kama bado kipo, kinamwonyesha magari yanayomfuata. Anayeona ni mtu baki: muuza mahindi kando ya njia, kondakta aliyening'inia mlangoni mwa daladala, au bodaboda anayekuja kutoka upande wa pili. Huyo hupaza sauti, "Mama, kanga!", dereva akapunguza mwendo, nguo ikavutwa na kukaliwa, na kila mtu akashika njia yake bila hata kuangaliana vizuri. Vipo na vitendo vingine vya jamii hiyo. Aliyesahau kupandisha stendi ya pembeni hupigiwa kelele za "Stendi!" na watu watatu kabla hajafika kwenye kona. Pikipiki iliyoishiwa mafuta husukumwa hadi kituoni na dereva mwingine asiyemjua mwenyewe, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye kikanyagio cha mwenzake, injini moja ikiendesha pikipiki mbili. Wengi huyaona haya kuwa masalia ya utu wa kijijini ambao jiji halijaumaliza. Mimi naona kinyume chake ndicho sahihi. Wema huu umelelewa na biashara yenyewe ya kubeba abiria kwa magurudumu mawili, na yapo mambo katika historia yake yanayoonyesha hivyo.

Kuyatafuta kuna ugumu wake, kwa sababu kumbukumbu za barabara huandika maafa. Aliyeumia Tanzania hupewa fomu ya PF3 polisi kisha faili hospitali, na wodi za mifupa za hospitali za Muhimbili, Mulago na Kenyatta zimeshapokea majeruhi wa pikipiki wasiohesabika. Kanga iliyovutwa kwa wakati haina fomu. Ushahidi wake inabidi utafutwe pembeni, na pa kuanzia pazuri ni kipande cha chuma. Pikipiki za Boxer na TVS zilizojaa barabarani kwetu asili yake ni India, nchi ambayo wanawake wengi hupakiwa wakiwa wamevaa sari na wamekaa upande. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kishikio cha abiria, mahali pa kuwekea miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Maana yake ni kwamba hatari ni ileile ng'ambo zote mbili za Bahari ya Hindi, na kule imeshughulikiwa tangu kiwandani. Lakini kinga ile kwa kawaida hufungwa upande wa kushoto tu, na huku abiria hukaa upande wowote utakaomfaa, juu ya pikipiki ambayo mafundi wameshaifungua na kuifunga mara nyingi, keria ikaongezwa hapa, ngao pale. Sehemu iliyobaki ya kazi ya kinga hufanywa na sauti za wapita njia. Desturi inayoziba kila siku pengo la kanuni ni vigumu kuiita bahati.

Tena haikuanza na injini. Kabla ya gurudumu lolote, njia ya Tabora kwenda Bagamoyo ilipitwa kwa miguu. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi bara na vitambaa na shanga, safari ya miezi kadhaa kupita nchi za watu wasiowajua. Katika mazingira hayo utani ulikuwa na kazi kubwa. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, na ambaye inaonekana ndege hawakumtosha, aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940. Utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulikuwa na matusi yasiyokasirikiwa, ila ulikuwa na wajibu pia: mtani humsaidia mtani aliye safarini, na akifia njiani humzika. Wapo wanaosema chimbuko lake ni vita vilivyomalizika kwa mapatano, wapo wanaotaja misafara. Kwa hoja yangu maelezo yote mawili yanafaa, kwa kuwa yanazungumzia watu wasio ndugu waliolazimika kuhakikishiana usalama. Sidai kwamba bodaboda ni mjukuu wa utani. Ninachodai ni kwamba safari inayomwacha mtu wazi, mbali na wa kwao, huzaa taratibu za kumlinda, na taratibu hizo hazikusubiri watu wapendane kwanza. Mpagazi aliyefia njiani alizikwa na mtani aliyekuwa amemtukana asubuhi.

Mazingira hayo yalijirudia Busia. Miaka ya 1960, msafiri aliyeshushwa na basi mpakani kati ya Kenya na Uganda alikuta umbali wa kutosha kumchosha mwenye mizigo kati ya kituo cha forodha cha huku na cha kule. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria na kuanza kuvusha watu, na ndiko bodaboda ilikozaliwa. Muongo uliofuata, chini ya Idi Amin, bidhaa ziliadimika Uganda na magendo yakashamiri. Kisha baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil Julai 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa njia za panya. Fikiria hali ya mwenye mzigo hapo. Amemkabidhi mtu asiyemjua mali yake yote, na akiibiwa hana polisi wa kumwendea, maana ataanza kushtakiwa yeye. Biashara kama hiyo haiendi bila watu kupeana ishara, kusubiriana gizani na kuambizana kwamba huko mbele kuna askari. Nadhani hapo ndipo kelele za kumtahadharisha mtu baki zilipokuwa tabia ya kazi. Mpaka leo bodaboda anayewapita trafiki huwawashia taa wenzake wanaokuja, mwenye leseni na asiye nayo, na msomaji anayeheshimu sheria ana haki ya kukunja uso.

Baiskeli ikasambaa: Kisumu kwa wingi, na upande wa Tanzania Shinyanga na Tabora, ambako baiskeli ya abiria iliitwa daladala. Pikipiki zikashika Kampala miaka ya 1990. Kenya ikaondoa kodi kwa pikipiki ndogo za chini ya sisi 250 mwaka 2008, na Tanzania ikatunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010, wakati bodaboda zilikuwa zimeshajaa mitaani bila kuingojea kanuni. Sheria ilipofika ilikuta serikali nyingine ndogo imeshaundwa, nayo ni kijiwe, chenye mwenyekiti, mweka hazina, kiingilio, na mchango wa mwenzao anapolazwa au anapofiwa. Dereva mwenye deni la hesabu kwa bosi wake, au la mkataba wa pikipiki, akivunjika mguu hana mshahara wa likizo, ana kijiwe. Kwa hiyo mtu anayemsukuma mwenzake aliyeishiwa mafuta amefunzwa na hali yake mwenyewe, kwani wiki ijayo huenda akawa yeye.

Mtu atasema hapo nimejifunga: kama ni zamu kwa zamu, basi ni maslahi tu, na dereva anayempa abiria koti lake la mvua anatafuta mteja wa kesho. Kwa koti ninakubali nusu. Ila muuza mahindi hana cha kupata kwa mwenye kanga. Hatamwona tena, hakubebwa wala hakubeba. Faida yake, kama ipo, imetawanyika kwa umma mzima wa wanaopanda pikipiki, na yeye ni mmoja wao jioni akirudi nyumbani. Maslahi yaliyotawanyika kiasi hicho yameshakuwa desturi. Kampuni za kuita bodaboda kwa programu za simu zinasaidia kuonyesha tofauti. SafeBoda ilipoanza Kampala mwaka 2014 ilileta kofia ngumu kwa abiria na utaratibu wa kumpa dereva alama baada ya safari, mambo mema kabisa. Lakini alama hupima yaliyopita kati ya wawili walioandikwa kwenye simu. Wa tatu, aliyepiga kelele, hamo, na hakuna nyota ya kumpa.

Pingamizi zito zaidi ni la Machi 2022. Katika Forest Road, Nairobi, kundi la bodaboda lilimzingira mwanamke aliyekuwa akiendesha gari na kumdhalilisha. Video ikaenea, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako na usajili mpya wa madereva nchi nzima. Mshikamano unaosukuma pikipiki hadi kituo cha mafuta ndio uliowakusanya wale wanaume kwa dakika chache, na sitaki kuutenganisha ili upande mmoja ubaki safi. Wanawake wanaojua "Mama, kanga!" wanayajua pia maneno mengine yanayotoka vinywani mwa haohao. Tukio lile linaonyesha wema huu unaishia wapi. Unamfuata aliye wazi kwa hatari kama yako, na aliye nyuma ya kioo huonekana mtu wa kabila jingine, asiye na utani na nyie. Bajaji inatoa kipimo kidogo cha hoja hii. Mitaa ni ileile, vijiwe mara nyingi vinapakana, na madereva wengi walianzia kwenye pikipiki. Abiria wake ameketi ndani, nguo yake haigusi gurudumu, na wapita njia hawana neno naye. Mvua ikinyesha huteremsha turubai, na hapo hata kumtambua ni kazi.