Mashahidi Waliokaa Kimya

Katika Uingereza ya karne ya 18 mwizi hakushtakiwa na Serikali. Aliyeibiwa ndiye aliyemtafuta, akamfikisha mbele ya hakimu, akalipa ada za makarani na kuleta mashahidi wake mwenyewe. Jeshi la polisi la London halikuundwa mpaka mwaka 1829. Hakimu aliweza kuwafunga mshtaki na mashahidi kwa hati ya ahadi, asiyehudhuria atozwe fedha. Walakini siku ya baraza ilipowadia wengi hawakuonekana.

Henry Fielding, mtunzi wa riwaya aliyekuwa pia hakimu wa Bow Street, aliwachambua watu hao katika kitabu chake cha mwaka 1751. Wapo waliotishwa na wenzi wa mwizi, wapo wavivu, wapo mabahili walioogopa gharama, na pengine waliona faida zaidi katika kupatana na mwizi kwa siri, na wapo wenye huruma waliochelea kumtoa mtu roho. Huruma hiyo Fielding aliiona ni ya kupotoka. Lakini yafaa kuwatendea haki wenye huruma: tangu mwaka 1713, kuiba mali ya shilingi 40 ndani ya nyumba ya mtu kulikuwa na adhabu ya kifo. Bibi aliyepotelewa na vijiko vyake vya fedha alijua ya kuwa ushahidi wake waweza kumpeleka mtumishi wake kwenye mti wa kunyongea.

Bunge lilitibu umaskini kwanza. Sheria ya mwaka 1752 iliruhusu mshtaki maskini arudishiwe gharama zake, ila kwa sharti kwamba mshtakiwa amepatikana na hatia. Ya mwaka 1754 iliwafikia mashahidi maskini. Sharti lile lilikuwa baya, kwani lilimpa mshtaki haja ya fedha katika hukumu. Liliondolewa mwaka 1778.

Ukimya ule haukumwokoa mtuhumiwa kila mara. Mahakama kuu ya kuzunguka ilifika majimboni mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya majimbo ya kaskazini mara moja tu. Katika muda huo wote maskini asiye na mdhamini alingoja gerezani, penye homa iliyoua wengi. Mwaka 1773 John Howard, sherifu wa Bedfordshire, aliona ajabu: watu ambao washtaki wao hawakutokea, na ambao kwa hiyo hawakuwa na kesi ya kujibu, walirudishwa gerezani wakafungiwa mpaka wamlipe bwana jela ada zake. Bwana jela hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada hizo. Howard aliwasihi mahakimu wa jimbo wamlipe mshahara. Wao wakamwuliza, ni jimbo gani limepata kufanya hivyo? Akapanda farasi kwenda kutafuta mfano katika majimbo jirani, na huko akakuta dhuluma ile ile.

Mwaka 1774 Bunge liliziondoa ada hizo kwa walioachiliwa. Howard aliipiga chapa sheria hiyo, akampelekea kila bwana jela wa jimbo nakala yake.