Mlango wa Nakshi na Mashine Inayochora

Milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ilichongwa kwa patasi na nyundo, maua, majani na minyororo vikirudiwa miimoni na kwenye mfaa. Leo programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa picha nyingi hutoa nakshi mpya za namna hii kwa sekunde chache. Wapo wasemao fundi naye alirudia mapambo ya mwalimu wake, hivyo hakuna tofauti. Hoja hiyo ina uzito, lakini inausahau mti: fundi aliamua patasi izame kiasi gani kwa kufuata nyuzi za mbao, upana wa ukuta na uwezo wa mwenye nyumba, na kosa lake halikufutika.

Swali lingine ni nani apewe sifa. Mchoraji Mwingereza Harold Cohen alianza kutunga AARON, programu ya kuchora picha, miaka ya 1970, akaiendeleza hadi alipofariki mwaka 2016. Picha ilizochora zilikuwa mpya kweli, ila kanuni zilitoka kwake, na sifa alipewa. Lakini mafundi wengi wa milango ya Mji Mkongwe hawakuacha majina. Mashine ikijifunza kutokana na kazi zao, Bagamoyo inastahili kutajwa kuwa chimbuko.