Usukani

Kijana wa Ukunda anayetamani Mustang huuliza kwanza: usukani uko upande gani? Ana haki kuuliza. Ford ilianza kuliuza gari hilo Marekani mwaka 1964 kwa bei ya mtu wa kawaida, chini ya dola 2,400, lakini kiwanda kilianza kuliundia usukani wa kulia katika toleo la 2015 tu. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, labda liwe la kazi maalumu kama zimamoto, na mtumba uliozidi miaka minane hauingii. Ndiyo maana mpenda mbio wa Pwani huishia kwa Subaru ya Japani. Wala si hasara.

Neno usukani lenyewe asili yake ni Kiarabu, nalo lilipanda jahazi kabla ya kupanda gari. Nenda Gazi, Msambweni au Shimoni uulize mabaharia. Kwao usukani ni ubao ulioko tezini, unaokata maji, na baharia haugusi wenyewe. Hushika kana, yaani mpini wake. Kulia na kushoto hapo hakuna mjadala. Gari lilipofika, jina likahamia pia kwenye duara la mikononi mwa dereva, kama nahodha alivyohamia timu ya mpira na rubani akapaa na ndege.

Sasa hii "stelingi" inayoandikwa kwenye matangazo ya magari ni ya nini? Wauzaji na wenye gereji, andikeni usukani.