Bendera: Neno la Chomboni Lililofika Bara

Nchi ya Ruangwa na Nachingwea haikupakana na bahari, walakini mtu wa huko atajapo bendera hutumia neno la baharini. Jina lenyewe tulilipata kwa Wareno. Waswahili wa zamani walisema kutweka bendera, kama vile kutweka tanga. Na mti wake ni mlingoti, kama mti wa chombo. Hata methali isemayo, "Bendera hufuata upepo," ina harufu ya pwani. Basi na tuipime methali hiyo kwa habari za kusini.

Katika karne ya 19 bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Haikukaa chomboni tu. Richard Burton, aliyefika ziwa la Tanganyika mwaka 1858, aliandika ya kuwa kirangozi wa msafara alitangulia nayo mbele ya wapagazi. Maana yake baharini na barani ilikuwa moja: mali hii ina mwenyewe. Lakini kitambaa kilichokinga mali hakikumkinga mtu aliyefungwa. Watumwa waliotekwa pande za ziwa Nyasa waliletwa Kilwa na Lindi, wakapakiwa majahazini. Baadaye majahazi ya watu wa Sur, katika Omani, yalitweka bendera ya Ufaransa, kwa sababu manowari za Waingereza hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Shauri hilo lilipelekwa The Hague, likakatwa tarehe 8 Agosti 1905, na Ufaransa ikawekewa mpaka wa kuwapa watu wa Maskati bendera yake.

Agosti 1888 Kampani ya Wadachi ilitaka kutweka bendera yake Pangani karibu na ile ya Sultani. Watu walikataa. Ghasia zikaenea kusini. Septemba mawakili wawili wa Kampani waliuawa Kilwa, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Upepo ulivuma, wala watu hawakuufuata.

Baada ya Wadachi, Waingereza walitia kichwa cha twiga katika bendera ya Tanganyika, nayo ikashushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kisha Nachingwea ikawa na kambi ya FRELIMO, walipofundishwa askari wa kuikomboa Msumbiji. Samora Machel aliondoka huko Mei 1975, akavuka Ruvuma. Na tarehe 25 Juni bendera ya Wareno, waliotupa neno hili, ilishushwa katika mji wao mkuu wa Msumbiji.

Twaona basi ya kuwa methali yasema kweli juu ya kitambaa, si juu ya watu. Mwalimu awapangapo watoto mbele ya mlingoti asifundishe rangi tu. Awaulize pia: bendera hii yamkinga nani?